Majivu ya makaa ya Luena yapimwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu makaa ya mawe ya Luena, hapa Kongo. Mwandishi wake alidai kwamba ndani ya makaa hayo mna madini adimu ya kutosha kuutajirisha mkoa wa Haut-Lomami na kuipatia Lubumbashi viwanda vipya, akaihimiza serikali ikubaliane na mwekezaji yeyote aliye tayari kabla hajakimbilia nchi nyingine. Nilifanya kazi ya maabara ya metali hapa Katanga hadi nilipostaafu, na matumaini ya mwandishi huyo sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni haraka yake. Katika makala nzima haikutajwa hata gramu moja iliyopimwa kutoka Luena, na mkataba usiotanguliwa na vipimo ni mkataba ambao upande mmoja tu ndio unaojua kinachouzwa.

Sababu ya mada hii kupamba moto inaeleweka. Metali 17 zinazoitwa madini adimu, yaani lanthanidi 15 pamoja na itriamu na skandiamu, hazikosekani ardhini. Seriamu peke yake inakaribiana na shaba kwa wingi. Shida ni kwamba zimetawanyika kidogo kidogo kila mahali, na zinafanana mno kikemia hata kuzitenganisha moja na nyingine kunahitaji kiwanda kirefu, subira na dawa nyingi. China ndiyo iliyokubali kuifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na leo takriban asilimia 90 ya usafishaji wa metali hizi duniani unafanyika huko. Aprili 2025 nchi hiyo iliamuru kwamba metali saba kati yake, zikiwemo disprosiamu, terbiamu na itriamu, zisitoke nje bila kibali maalumu, na viwanda vya magari vya mataifa mengine vikaanza kuhangaika, kwa kuwa sumaku zenye nguvu za mota za umeme hutengenezwa kwa neodimiamu na kuongezewa disprosiamu ili zistahimili joto. Nchi zilizobanwa zinatafuta kila lundo na kila jaa, na miongoni mwa majaa makubwa ya viwanda vyao ni yale ya majivu ya makaa ya mawe.

Waliotangulia katika utafiti huu nje ya China ni Wamarekani, na inafaa tujue wamefika wapi. Wizara yao ya nishati imekuwa ikigharamia kazi hii tangu 2014. Chuo Kikuu cha West Virginia kinayakusanya madini adimu kutoka katika maji ya tindikali yanayotiririka kwenye migodi ya makaa iliyoachwa, Chuo Kikuu cha Kentucky kimejenga kiwanda cha majaribio kinachotumia mabaki ya kuoshea makaa, na wenzao wa North Dakota wamejikita katika makaa machanga, ambayo metali zake zimeshikamana na mabaki ya mimea na hutoka hata kwa tindikali hafifu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walikadiria kwamba majivu yanayoweza kufikiwa nchini mwao yana tani milioni 11 za madini adimu, karibu mara nane ya akiba ya migodi yao. Hesabu hiyo ndiyo iliyozunguka dunia nzima, na nadhani ndiyo iliyomvutia mwandishi wenu. Lakini inaeleza kilichomo ndani ya majivu. Haielezi kitakachotoka wala gharama ya kukitoa. Miaka zaidi ya kumi tangu kazi ianze, sehemu kubwa yake bado imo katika maabara na viwanda vya majaribio, na hao ni watu wenye fedha.

Turudi kwenye gramu, kwa kuwa ndipo ukweli ulipo. Wanajiolojia wa Urusi Ketris na Yudovich walikusanya vipimo vya makaa kutoka pande nyingi za dunia na kuchapisha wastani wake mwaka 2009. Kwa wastani huo, tani moja ya makaa ina kiasi cha gramu 70 za madini adimu, na tani moja ya majivu ina kiasi cha gramu 400. Tofauti hiyo haina muujiza wowote: kaboni huungua ikaenda na moshi, metali hizi haziungui, basi hubaki zimejirundika katika majivu. Sasa zigawanye hizo gramu 400. Seriamu inachukua karibu 130, na lanthaniamu karibu 70; zote mbili ni za bei ya chini, na dunia inazo za kutosha kung'arishia vioo na kutengenezea vichocheo vya viwanda vya mafuta. Itriamu ni gramu 50 hivi. Neodimiamu, ambayo ndiyo watu wanaitafuta, ni gramu 67 hivi. Disprosiamu ni gramu 14, na terbiamu ni gramu mbili tu. Ukiweza kuzitoa nusu yake, umefanya kazi nzuri sana, na bado umebakiwa na tani ileile ya majivu, safari hii yakiwa yamelowa tindikali, inayokungoja uitafutie mahali pa kuizika.

Msomaji aliyezoea shaba ya Katanga, ambayo mawe yake huhesabiwa kwa asilimia mbili, tatu au hata zaidi, ataona kwamba gramu 400 kwa tani ni asilimia 0.04. Bayan Obo, mgodi mkubwa wa China, na Mountain Pass wa California huchimba mawe yenye asilimia kadhaa za madini adimu. Hata hivyo uchache peke yake haumalizi hoja. Kusini mwa China upo udongo wa mfinyanzi ambao madini adimu yake mara nyingi hayafiki hata asilimia 0.2, na kwa miaka mingi ndio ulioipatia dunia sehemu kubwa ya disprosiamu, kwa sababu moja: metali hizo zimejibandika juu ya chembe za udongo, na ukipitisha maji ya chumvi ya amonia zinaachia. Kwa hiyo ni lazima tujue kiasi kilichomo, na pia tujue kimeshikwa na nini.

Na hapo majivu ni mkaidi. Majivu mepesi yanayonaswa kwenye bomba la moshi la kituo cha umeme, ukiyatia kiganjani, yanateleza kati ya vidole kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Chini ya hadubini, kila punje ni kitone cha kioo cha mviringo, kingine kina uwazi katikati, kwa sababu udongo uliokuwamo ndani ya makaa uliyeyuka katika moto mkali ukaganda ungali angani. Madini adimu yamefungwa ndani ya kioo hicho cha silika na alumina, na tindikali ya kawaida hukipitia juu juu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilionyesha jambo hili mwaka 2016 walipolinganisha majivu ya sehemu tatu za Marekani: yale ya milima ya Appalachia yalikuwa na wastani wa karibu gramu 590 kwa tani, na yale ya bonde la Powder River, huko Wyoming, gramu 340 hivi, lakini tindikali ilitoa karibu asilimia 70 ya kilichomo katika yale maskini, na katika yale tajiri haikufikisha hata asilimia 30. Siri ilikuwa chokaa: majivu ya Powder River yana kalisi nyingi, na kioo chake huvunjika kwa urahisi. Ya Appalachia yanahitaji kwanza kuchomwa pamoja na magadi makali, na magadi hayo yana bei yake. Mwekezaji anayekuja na karatasi inayoonyesha gramu pekee anakuwa ameficha nusu ya habari, au yeye mwenyewe haijui.

Kuhusu Luena penyewe, tunayo ya kusema bila kubahatisha. Ni makaa ya enzi ya Karoo, kama yale ya Lukuga karibu na Kalemie, ya Maamba nchini Zambia na ya Hwange nchini Zimbabwe. Kwa muda mrefu yaliendesha viwanda vya Katanga, lakini hayatoi koki nzuri, yaani makaa yaliyookwa ya kuyeyushia mawe ya shaba, ndiyo maana matanuru yetu yaliagiza koki yake Hwange, iliyokuwa ikiitwa Wankie. Hayo hayatuambii chochote kuhusu madini adimu. Makaa ya enzi moja hutofautiana kutoka bonde hadi bonde, na ndani ya tabaka moja hutofautiana kutoka juu hadi chini. Mara nyingi metali hizi hujikusanya kwenye kingo za tabaka, au kandokando ya ukanda mwembamba wa jivu la volkano lililoangukia kinamasi wakati makaa yalipokuwa bado ni mimea inayooza. Tabaka la Fire Clay la Kentucky limepata umaarufu kwa sababu ya ukanda wa namna hiyo. Anayeokota bonge moja linalong'aa katikati ya tabaka atapata jibu moja, na anayekwangua udongo wa kijivu chini yake atapata jibu jingine kabisa; wote wawili watakuwa wakweli, na wote wawili watakuwa wamempotosha waziri.

Nikae kidogo kwenye maabara, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa pale. Sampuli ya makaa hukaushwa, husagwa, kisha huchomwa polepole hadi ibaki majivu, na uzito huandikwa kabla na baada ya kuchoma. Fundi mwenye haraka huchukua majivu hayo akayachemsha katika tindikali, akachuja, akapeleka maji kwenye mashine. Chini ya chujio hubaki mashapo meupe ambayo huyatupa, na katika mashapo hayo ndimo yalimo mawe magumu kama zirkoni, pamoja na kile kioo kilichokataa kuyeyuka, na madini adimu yake yote ndani. Njia iliyo sahihi ni kuyachanganya majivu na chumvi ya borati ya lithiamu, kuyayeyusha katika kikombe cha platini kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi hadi yawe tone moja angavu, na tone hilo ndilo linaloyeyushwa katika tindikali hadi lisibakize kitu. Baada ya hapo sampuli nyingine ya majivu yaleyale ipitishwe kwa makusudi katika tindikali hafifu, tuone ni kiasi gani kinatoka kwa njia ya bei nafuu. Majibu hayo mawili yakiwekwa kando kwa kando yanasema zaidi ya kurasa mia za maelezo ya mradi.

Nisieleweke kwamba Katanga haina uwezo wa kazi hii. Naamini hakuna mahali katika Afrika ya Kati penye watu wengi zaidi wanaojua kuyeyusha jiwe kwa tindikali ya salfa, kuchukua metali kwa kiyeyusho cha mafuta, na kuangusha uchafu kwa chokaa. Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wanaifanya kazi hiyo usiku na mchana kwa ajili ya shaba na kobalti. Wale wa West Virginia hawafanyi muujiza mwingine: wanapandisha kiwango cha chokaa katika maji ya mgodi hatua kwa hatua, chuma kinaanguka kwanza, alumini inafuata, kisha wanakusanya tope lenye madini adimu. Fundi wa kiwanda chochote cha kobalti angeielewa kazi hiyo siku ya kwanza. Atakachokiona kigeni ni hatua ya mwisho, ya kuitenga neodimiamu na praseodimiamu, ambayo inadai mamia ya matangi yaliyofuatana, na hiyo hatulazimiki kuanza nayo. Na kwa wale wanaodhani metali hizi ni ngeni kwetu, wanaokusanya mawe wanajua kwamba katika vitabu vya madini vya dunia kuna kamotoiti, madini ya itriamu yaliyopewa jina la Kamoto ya Kolwezi, na bijvoetiti na lepersoniti, ambazo zote mbili zilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mawe ya Shinkolobwe, ule mgodi wa uraniamu. Ni vipande vya makumbusho, si migodi, lakini vinatosha kuonyesha kwamba ardhi hii ilikwisha kutuletea barua ya utambulisho.

Hoja yangu kubwa, Bwana Mhariri, haiko Luena. Iko hapa mjini, kwenye Terili, ule mlima wa mabaki ya tanuru la shaba tunaouona kila siku pamoja na bomba lake refu la moshi. Tangu tanuru la Lubumbashi lilipotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911 hadi lilipozimwa, mavi ya shaba, yaani mabaki yaliyoyeyuka yanayotengana na shaba tanuruni, yalimwagwa pale kama takataka. Makinikia ya Kipushi yaliyopita katika tanuru hilo yalikuwa na zinki, kobalti na germaniamu, na kwa kuwa mauzo yalihesabiwa kwa shaba, vingine vyote vilikwenda mlimani bila kuandikwa katika daftari la mapato. Tangu miaka ya 2000 sehemu ya mlima huo ilirudishwa motoni kwa ajili ya kobalti na shaba. Ilitubidi tungoje hadi 2024 ndipo STL, kampuni tanzu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoanza kupeleka Ubelgiji, kwa kampuni ya metali ya Umicore, makinikia ya germaniamu yaliyotoka katika mlima uleule. Kolwezi nako, mabaki yaliyotupwa Kingamyambo yakihesabiwa kuwa tope, leo yanasafishwa tena kwa shaba na kobalti. Na niongeze la pembeni ambalo sijamsikia mtu akilisema: madini adimu hupenda oksijeni, hayaingii katika shaba, hubaki katika mavi, kwa hiyo kila tani ya koki ya Wankie iliyoungua hapa iliacha madini adimu yake ndani ya Terili. Yamechanganyika na chokaa na chuma, kwa hiyo huenda ni machache mno kwa kila tani. Lakini kama tunawatuma watu Luena na ndoo za sampuli, ndoo moja ijazwe hapahapa mjini, nauli yake ni ya basi.

Somo la Terili ni la kisheria kabla halijawa la kikemia. Sheria yetu ya madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inasema kwamba hata malundo yaliyotengenezwa na mkono wa mtu ni mali ya Taifa, na imeweka leseni ya peke yake kwa ajili ya kuchimba mabaki. Sheria hiyohiyo inatoza mrabaha kwa viwango tofauti: makaa ya mawe, ambayo yamo katika kundi la hidrokaboni ngumu, hulipiwa asilimia 1, shaba na metali za kundi lake asilimia 3.5, na madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati asilimia 10. Amri ya Waziri Mkuu ya Novemba 2018 iliyataja kobalti, koltani na germaniamu kuwa ya kimkakati. Hebu tufikiri basi: mwekezaji anapewa leseni ya Luena ambayo neno pekee lililomo ni makaa ya mawe, anayachoma, au anayapakia kwenye mabehewa yakaungue kwingine, na majivu anayahesabu kuwa uchafu wake mwenyewe. Serikali itakuwa imepokea asilimia 1 ya bei ya makaa, na kile kilichomleta kitakuwa kimepita mlangoni kikiitwa takataka. Na kwa kuwa mrabaha hugawanywa, asilimia 25 kwa mkoa na 15 kwa chombo cha utawala cha mahali mgodi ulipo, hasara haitaishia Kinshasa. Itafika hadi kwenye shule na zahanati za Bukama.

Dawa yake ni vifungu vichache, na vyote vinategemea vipimo. Mkataba utaje kila elementi iliyopatikana kwa kiwango kinachoeleweka, pamoja na germaniamu na galiamu ambazo mara nyingi huandamana na makaa. Huko Lincang, kusini magharibi mwa China, germaniamu inatolewa katika makaa kwa biashara kamili, kwa hiyo mtu asituambie kwamba ni ndoto. Mkataba useme majivu ni ya nani. Useme pia kwamba shehena ikivuka mpaka hupimwa kwa elementi zote, na cheti chake kinabaki hapa. Serikali nayo iamue mapema, kwa amri ileile inayoruhusiwa na sheria, kama madini adimu yataingia katika kundi la kimkakati, kwa maana kubadilisha kiwango baada ya kiwanda kujengwa huzaa kesi mahakamani.

Kuna upande wa hatari ambao makala yenu iliupita kwa sentensi moja. Moto unaorundika madini adimu katika majivu ndio huohuo unaorundika thoriamu, uraniamu, aseniki na risasi. Katanga iliyobeba Shinkolobwe haihitaji kufundishwa maana ya uraniamu. Kule Bukit Merah nchini Malaysia, kiwanda kilichokuwa kikitoa madini adimu katika mchanga wa mabaki ya bati kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya wakazi kupigania mahakamani suala la taka zenye thoriamu, na kazi ya kuzizika ikaendelea miaka mingi baada ya faida kwisha. Tindikali nayo tunaijua. Februari 2025 bwawa la mabaki lilipasuka Chambishi, ng'ambo ya mpaka, sumu ikaingia katika mto Kafue na Kitwe ikakatiwa maji. Novemba ya mwaka huohuo maji machafu ya kiwanda yaliingia katika makazi ya jiji letu hili. Kusafisha majivu ili kutoa gramu 200 kwa tani kunamaanisha kuacha karibu tani nzima ya tope kwa kila tani iliyoingia. Nani atajenga bwawa hilo, juu ya udongo gani, na fedha za kulifunga zitawekwa benki gani kabla ya kazi kuanza? Mwekezaji asiyekuwa na jibu la swali hilo asikaribishwe hata kwenye kikao cha pili.

Ndiyo maana nasema pia kwamba kuchimba makaa kwa ajili ya madini adimu peke yake ni upuuzi. Hesabu ya gramu 67 za neodimiamu haiwezi kulipia shimo, reli na bwawa. Inaanza kuwa na maana pale makaa yanapochomwa kwa sababu nyingine na majivu yapo tayari. Katika jiji linalokatiwa umeme kama letu wapo wanaotamani kituo cha umeme cha makaa, na sitaki kulifungua jambo hilo leo, kwani linahitaji barua yake. Ila iwapo kitajengwa, kiwe Luena au kwingineko, majivu yake yawekwe peke yake, pakavu, mbali na mavi ya tanuru na taka za mji, na yale mepesi ya bomba la moshi yasichanganywe na yale mazito ya chini ya tanuru, kwa kuwa mepesi ndiyo mara nyingi hubeba zaidi. Gharama ya kutenganisha siku ya kwanza ni ndogo. Kuyatenganisha baada ya miaka 20 haiwezekani, na mafundi wanaohangaika na Terili leo ni mashahidi wangu.

Ninachoiomba serikali ya mkoa wa Haut-Lomami na wizara ya madini ni kitu cha wiki chache, kinachogharimu fedha kidogo kuliko safari moja ya ujumbe kwenda ng'ambo. Kitivo cha Politekiniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina walimu na vijana wanaoweza kwenda Luena kwa reli na kuchukua sampuli kutoka juu ya tabaka, katikati, chini, na katika udongo unaolitenganisha tabaka moja na jingine, pamoja na malundo ya zamani. Kila sampuli isagwe na kugawanywa mafungu matatu mbele ya mashahidi: moja lipimwe hapa nchini kwa njia ya kuyeyusha niliyoieleza, la pili liende katika maabara ya nje isiyo na hisa katika mradi, na la tatu lifungwe kwa lakiri na kuhifadhiwa mkoani kwa ajili ya siku ya mabishano. Majedwali yatakayopatikana, yawe mazuri au mabaya, yachapishwe yote, elementi kwa elementi, na gazeti lenu lingetutendea wema kuyatolea ukurasa mzima kabla jina la mwekezaji yeyote halijatangazwa.

Fundi mstaafu wa maabara,
Katuba, Lubumbashi